Amplifaya ya Pili ya Spas Karadaliev

Spas Karadaliev, fundi wa kufunga muziki kwenye magari, alipomsikia Bi Tsonka, mwenye bucha, akiapa kwamba siku ya kumsindikiza mjukuu wake kwenye mahafali muziki wa jirani hautasikika hata kwa dawa, moyo wake ulijaa huruma. Huruma ya Spas, ieleweke, ilikuwa na bei.

Alimfungia sabufa mbili na amplifaya kwenye buti la gari. Kila sabufa ilikuwa ya omu mbili, kipimo cha ukinzani wa umeme. Amplifaya haikutaka mzigo ulio chini ya omu nne. Fundi mwadilifu angeziunga kwa mfuatano, mbili na mbili zikawa nne, mambo yakaisha. Spas aliziunga sambamba, mzigo ukashuka hadi omu moja. Amplifaya iliyobanwa hivyo hunguruma kwa fahari, huchemka, kisha hujizima isije ikaungua. Hapo Spas huitwa, huitangaza marehemu, huuza nyingine kwa bei ya dharura na kuondoka na maiti, ambayo hufufuka ikipoa. Amplifaya hizo mbili, zikipokezana, ndizo zilizokuwa shamba lake lote.

"Itadumu, kijana?" Tsonka aliuliza.

"Mama, itakuzika."

Siku yenyewe akapigiwa simu: muziki umekatika, ua umejaa wageni, jirani anacheka. Spas akaingia langoni na amplifaya ya pili mikononi, uso wa matanga.

Lakini mji mzima wa Pazardzhik wajua kwamba aingiaye ua wa mhitimu siku hiyo haingii mikono mitupu, na alichokibeba ni cha mtoto.

"Jamani," Tsonka alitangaza, akimpokea mzigo, "Spas ameleta zawadi!"

Makofi yakalipuka. Spas akafumbua kinywa ataje bei. Zornitsa, mhitimu mwenyewe, akambusu shavuni na kumnong'oneza.

"Mjomba, ile ya kwanza ilizimika jana tukiijaribu. Ilipopoa, ikawaka. Nimeziunga sabufa kwa mfuatano; leo nimezima swichi tu. Niwaeleze wageni, au utacheza?"

Spas akawatazama wageni. Baadhi yao walikuwa wateja wake.

Akacheza. Tena, kusema haki, alicheza vizuri. Muziki ukatikisa madirisha ya mtaa mzima, hata jirani akaja, amenywea, akamwuliza kwa adabu kama anayo amplifaya nyingine ya namna ile, angelipa chochote.

"Sina hata moja, kaka," alijibu Spas, na hilo lilikuwa neno la kwanza la kweli kumwambia mteja.