Vantilateri ya Mama Zaituni na Nywele Zangu

Jamani, leo nimeaibika kuanzia miguuni mpaka kichwani. Hasa kichwani. Subirini.

Mnanijua. Wengine wanakusanya mikufu, wengine wanakusanya wanawake, mimi ninakusanya vantilateri za zamani, yaani feni za chuma kizito zinazoning'inia darini katika nyumba kubwa za hapa Kasongo. Ninazishusha, ninakwangua kutu, ninasuka waya upya, ninapaka rangi. Kwangu zimejaa mpaka mke wangu anasema siku umeme utakapofika, nyumba itaruka. (Umeme haujafika. Nyumba bado iko.) Moja niliifuata Kabambare kwa pikipiki, nikarudi nimefunga mabawa yake mgongoni. Nilipopita Lusangi, kijiji kizima kilitoka barabarani. Walidhani nimenunua ndege na ninaileta vipande vipande!

Lakini ile ninayoitamani kuliko zote iko sebuleni kwa Mama Zaituni, mjane wa marehemu Mzee Saidi aliyekuwa akifanya biashara ya dhahabu. Mabawa manne ya mbao, tumbo la shaba. Haijazunguka tangu sijazaliwa, maana nyumba ile haina umeme. Nimemwomba aniuzie mpaka amechoka kukataa.

Basi wiki hii akaniita mwenyewe. Wageni wanakuja kumposa binti yake, Mwajuma, na anataka sebule ipendeze.

"Fundi, unipakie rangi vantilateri yangu."

"Mama, nitaishusha, nitaifungua, nitaisafisha mpaka..."

"Rangi tu. Pale pale juu. Na upande wa chini peke yake."

"Na upande wa juu?"

"Upande wa juu nani ataangalia? Popo?"

Nilipaka. Nikiwa kwenye ngazi niliona kinundu juu ya bawa moja, kimefunikwa na vumbi la enzi na enzi. Nikajua ni kiota cha nyigu. Nikakiacha, sababu mimi na nyigu hatuelewani. Lakini waya nilizikuta nzima, nikatia na mafuta kidogo pale inapozungukia, nikaisukuma kwa kidole... ikaenda laini kama siagi. Nikasema moyoni: maskini Mama, hata hajui ni furaha gani anaikataa. (Hapa ndipo shetani alipokaa karibu yangu na kuvuta kiti.)

Leo ndiyo siku. Nilivaa shati jeupe. Nywele zangu mnazijua, ule msitu niliouanza nikiwa shule ya jioni, uliofanya mitihani yote pamoja nami na kupata diploma ya umeme pamoja nami. Niliumwagia mafuta ya nazi mpaka nzi walikuwa wanateleza. Kisha nikaazima grupu ya jirani, ile jenereta ndogo anayochajia watu simu, nikaificha nyuma ya nyumba, nikaunga waya Mama akiwa uani na masufuria yake. Ajabu yangu ilikuwa tayari.

Wageni wakafika kutoka Lusangi, wote wachimbaji wa dhahabu, mbele yao Mzee Ramazani, baba mkubwa wa kijana anayeoa. Wakavua viatu, wakaketi mkekani. Mzee akakohoa ili aseme neno lililomleta.

Mimi nikasimama ukutani, chini ya saa.

"Wazee wangu, kabla ya hayo, fundi wenu ana zawadi kidogo."

Nikapiga mluzi. Huko nyuma jirani akavuta kamba ya grupu. Vuuum!

Vantilateri ikazunguka! Polepole, halafu kasi, halafu upepo wa kupeperusha mbuzi! Wageni wakapiga makofi. Mama Zaituni akatokea mlangoni na sinia la chai.

"Weye fundi! Zima! Zima!"

Nikadhani ni furaha. (Mtu akilia kwa furaha utajuaje?)

Kile kinundu kikachomoka. Ta! Kikapiga saa juu ya kichwa changu, kikapasuka, vumbi likanimwagikia lote. Na mimi, kwa heshima na adabu, nikatikisa kichwa vizuri, huku na huku, nikacheka:

"Musiogope, wazee. Ni nyigu tu!"

Mzee Ramazani aliangalia mkono wa kanzu yake. Akagusa kwa kidole. Akakisogeza karibu na jicho.

"Hii haina nyigu," akasema. "Hii iko zahabu. Mutu asitoke!"

Sinia la chai likaanguka.

Mama hakunigombeza. Ingekuwa afadhali. Aliketi chini palepale kwenye chai.

"Ni ya baba yake," akasema. "Aliniachia akasema, vipuli vya Mwajuma, siku ya arusi. Niliifunga kitambaani nikaiweka pale sababu ndipo mahali pamoja hapa Kasongo hapafikiwi na mwizi, wala panya, wala mutoto." Akaniangalia. "Kumbe iko fundi."

Wallahi, nilitamani nyigu wa kweli.

Sasa hebu tazameni posa ile. Wakwe watarajiwa wamekunja kanzu, wamepiga magoti mbele ya karai, wanaosha mkeka! Wanaosha miguu yao! Wanaosha mpaka saa! "Zahabu ni nzito, haiendi mbali," Mzee Ramazani alikuwa anasema, anazungusha karai kama yuko mtoni. Juu yetu vantilateri inazunguka vizuri, bila hata kelele, kazi safi kuliko zote nilizowahi kufanya. Hakuna hata mmoja aliyeiangalia.

Wakapima kwa mizani yao ya mfukoni, na njiti za kiberiti ndizo mawe ya kupimia.

"Hii inatosha sikio moja," Mzee akasema.

Halafu, mmoja mmoja, wote wakageuka kuangalia nywele zangu.

"Nitaoga," nikasema haraka. "Kwa sabuni!"

Tuliosha kwa sabuni. Ikatoka kidogo sana. Mzee akapapasa msitu wangu kama anayenunua mbuzi.

"Mafuta, na nywele ya namna hii? Sisi tunatandika blanketi mutoni ili ikamate zahabu. Huyu amejitandika mwenyewe. Leteni wembe."

"Mzee wangu, nina mke!"

"Atakuzoea."

Mwajuma mwenyewe ndiye aliyeshika karai. Macho yalikuwa mekundu, lakini mdomo ulianza kumshinda.

"Inamisha kichwa, kaka fundi. Sikio yangu iko umo."

Wakaninyoa mbele ya ukoo mzima, mkekani, penye upepo wangu mwenyewe. Zikaoshwa, zikachambuliwa, karai likazungushwa. Dhahabu ikapatikana. Karibu yote. Karibu.

Posa imekubaliwa, alhamdulillahi. Mzee anasema hajawahi kuona nyumba inayopokea wageni hivi. Mama amenisamehe kwa mdomo. Kuhusu kununua vantilateri sikuthubutu kuuliza.

Sasa msicheke, nawaomba. Siku ya arusi mtaona kipuli cha kushoto cha Mwajuma kimekuwa kidogo kuliko cha kulia. Msimlaumu sonara. Mama alisema rangi tu.