Kashata za Shangazi Noorjehan

Jumatatu, 9 Septemba 2024

Kikao cha familia. Shangazi Noorjehan anatimiza miaka sabini Jumamosi. Binti yake Narmin ameamua iwe sherehe ya mambo ya kale: suruali za bugaluu zenye miguu mipana, viatu vya raizoni vya soli nene, na vitafunwa vya utoto wa Shangazi tu. Keki marufuku! Kazi zikagawiwa. Narmin: bajia, kachori, visheti. Mumewe Aslam: muziki. Mimi: viti.

Viti! Mwaka wa nne huu. Kisa, pilau moja iliyoungua. Mtu mzima wa miaka arobaini na tatu, mwenye duka lake la madaftari, anapewa viti!

Shangazi ndiye aliyenilea mama yangu alipofariki. Nilikuwa na miaka sita. Ukitoa pilau ile, sijawahi kumpikia hata chai. Safari hii atakula kitu kilichotoka mkononi mwangu. Nimeapa.

Jumanne, 10 Septemba

Nimekwenda kwa Shangazi kupeleleza. Nikajifanya naazima sindano. Shikamoo, marahaba, kisha nikauliza kwa ujanja watoto wa zamani walikuwa wakila nini. Akataja gubiti, ubuyu, barafu za ukwaju. Akasema hapakuwa na kitu kilichozishinda kashata za nazi alizokuwa akipika na shoga yake Ghanima, walipokuwa wasichana Pangani. Ghanima sasa yuko shambani Mwera. Hawajaonana miaka kumi na mmoja.

“Magoti yake, magoti yangu,” akasema, akageukia dirishani.

Sikupoteza muda na habari za magoti. Nimepata jina! Nikatoka mbio. Sindano nimeisahau.

Jumatano, 11 Septemba

Mwera kwa pikipiki. Nimefika nimepakwa vumbi mpaka kwenye nyusi. Bi Ghanima alikuwa barazani, mama wa Kimanga, Mwarabu wa Omani mwenye sauti ya mwalimu mkuu, anawasimamia wafua nazi bila kuinuka kitini. Nikamweleza shida yangu. Alipolisikia jina la Noorjehan akapenga kamasi. Mafua, nadhani.

Mapishi akanipa. Nazi mbili kwa wakati mmoja, zikunwe. Sukari, iliki, maji kidogo. Koroga mpaka iachane na sufuria, mwaga kwenye sinia lililopakwa mafuta, kata ingali moto.

“Moto mdogo, mwanangu. Na mwiko usiuache, hata ukiitwa na Sultani.”

Lakini ana sharti: naye aalikwe kwenye sherehe, mjukuu wake Yaarub atamleta. Nikakubali, ningefanyaje? Viti viwili zaidi.

Alhamisi, 12 Septemba

Nimepika uani, nyuma ya duka. Nazi mbili mbili ni kupoteza siku. Nikaweka kumi. Moto mdogo nao ni wa watu wasio na biashara. Nikachochea.

Yote yakaenda vizuri mpaka alipokuja mteja anataka daftari la michoro. Nimekwenda dakika tano tu! Niliporudi, uani hapaonekani. Jumbe, fundi cherehani wa jirani, akaja mbio na ndoo ya mchanga, akaumwaga wote sufuriani. Nikamwambia hapakuwa na moto. Akasema sasa kweli hakuna.

Jaribio la pili: uji. Jaribio la tatu limeganda mwiko ukiwa ndani. Nimevuta. Nimekanyaga sufuria nikavuta tena. Mwiko umekatika.

Sikati tamaa. Mwanaume ni mipango.

Ijumaa, 13 Septemba

Mpango! Baada ya swala nikaenda Nguvumali kwa Beatrisi, ambaye kashata zake zinajulikana Tanga nzima. Nikanunua sinia zima. Nikamwomba asimwambie mtu. Akacheka muda mrefu kuliko ilivyostahili.

Nyumbani nikashika kisu, nikazichonga kingo zipinde kidogo kidogo, zionekane zimekatwa na mtu asiyezoea. Saa nzima. Huo nao ni upishi!

Jumamosi, 14 Septemba

Siku yenyewe. Bugaluu yangu imefagia uwanja wote nikipanga viti.

Nikaweka sinia langu mezani. Narmin akaja akaweka lake kando. Kashata! Rangi ile ile, iliki ile ile, ila zake kingo zimenyooka. Kumbe ndicho alichokuwa akicheka Beatrisi! Tukatazamana.

Shangazi akaonja yangu, akafumba macho. Akauliza nani kapika. Nikasema mimi. Akaonja ya Narmin. Narmin akasema yeye. Shangazi akatutazama mmoja mmoja, taratibu.

“Mashallah. Basi jiko lile pale, na nazi zipo. Tupikieni nyingine, wageni waone.”

Narmin akashika mkono, ati umeteguka tangu asubuhi. Mwoga! Mimi nikakunja mikono ya shati. Nikakuna nazi mbele ya watu arobaini. Nikaweka sukari. Nikakoroga, jasho linanitoka, na wallahi ikaanza kushikana! Wageni wakapiga makofi. Nikaona si adabu kutowaeleza machache kuhusu historia ya kashata, nikageuka kuwahutubia.

Moshi.

Wakati huo huo Bi Ghanima akaingia getini, kamshika Yaarub bega. Hakunisalimu. Akanijia moja kwa moja, akaninyang'anya mwiko.

“Nilimwambia nini huyu?”

Shangazi akasimama. Peke yake, bila kushikwa mkono! Akavuka ua mzima akiita, “Ghanima! Ghanima wewe!” Wakakumbatiana mpaka nikaogopa wataangukia jiko. Kisha wakaomba nazi nyingine na benchi moja. Wakakaa wamebanana, mmoja anakoroga, mwingine anatia sukari, wanagombana kuhusu iliki, wanacheka mpaka machozi. Narmin naye analia. Aslam akazima muziki ili tuwasikie.

Kashata zikaliwa za moto. Sinia nililipaka mafuta mimi. Kwa hiyo, kwa haki kabisa, ni mkono wangu.

Jumapili, 15 Septemba

Shangazi kapiga simu alfajiri. Kasema katika miaka sabini hajapata zawadi kama ile, na kwamba Ghanima kalala kwake na bado wanazungumza. Kasema Mungu anilipe kwa kumleta. Maskini, ana haya: alitaka kuzisifu kashata, ila alichelea kumuumiza Narmin. Nimemwelewa.

Mchana Yaarub naye kapiga. Anaoa Desemba. Wageni mia tatu. Anatafuta mtu wa kupika halua. Nikamwambia halua nimeshaipika mara nyingi, asihangaike, amenipata. Amefurahi sana.

Bibi yake anasema halua hukorogwa kwa muda wa saa nne. Kwa moto mkubwa, nadhani, moja inatosha.