Jogoo wa Mavuno kwa Stereo

Jumanne, 8 Julai

Imetosha! Miaka yote Koikai ndiye anayenadi mazao ya sadaka nje ya kanisa, na kila Jumapili anaondoka kifua mbele kana kwamba mahindi alilima yeye. Ana nini? Koo tu. Mimi, Elimringi, nina duka la steshenari na kompyuta.

Leo nimemwamkia Mzee Lerionka, mkubwa wa wazee wa kanisa, nikamweleza. Naandika maneno, kompyuta inayasoma kwa sauti. Haikohoi, haichoki, haipendelei ndugu zake. Akauliza kama inajua Kiswahili. Nikasema kuliko Koikai. Amenipa Jumapili ya Mavuno, jogoo mmoja wa majaribio. Nikifaulu, mnada ni wangu kuanzia hapo. Nikishindwa, nisimsumbue tena.

Kandida, mke wangu, amecheka mpaka akaketi chini. Acha acheke.

Alhamisi, 10 Julai

Programu inauliza maswali kuliko karani wa sensa. Faili la aina gani? Ubora gani? Mono au stereo? Nimechagua kikubwa kila mahali. WAV, kilohezi arobaini na nane! Faili likawa zito mpaka simu ikagoma kulituma. Halafu Vaileth, anayetunza amplifaya ya kwaya, akasema mashine yao inasoma MP3 tu.

Haya, MP3. Kwa hasira nikashusha ubora mpaka chini kabisa. Ikatoka sauti ya mtu aliyefungiwa ndani ya tangi la maji. Nikapandisha. Sasa ni mtangazaji wa redio kamili. Lafudhi yake ya Dar, lakini hapa Ngaramtoni tutamvumilia.

Jumamosi, 12 Julai

Vaileth amepiga simu niweke mono, sauti zote kwenye njia moja. Eti kanisa lina spika moja ya nje, na waya wake unachukua upande wa kushoto peke yake. Wivu huo. Mono ni ya watu wenye jambo moja la kusema!

Mimi nina sauti mbili. Kushoto mwanamume anataja bei. Kulia mwanamke anahesabu: mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Akifika ya tatu na hakuna aliyeongeza, nabonyeza kusimamisha, jogoo kauzwa. Nimesikiliza kwa spika za masikioni pale dukani na machozi yamenilengalenga. Kandida naye kasikiliza, akauliza itakuwaje sauti moja ikikosekana. Maswali ya mtu asiye na imani.

Jumapili, 13 Julai

Baridi, Mlima Meru umejifunika ukungu, watu wamejaa. Jogoo mwekundu, mnene. Nikachomeka flashi kwenye amplifaya.

Mwanamume akataja elfu kumi. Mzee Lemomo, aliyekaa mbele, akainua fimbo yake kuikubali bei. Nikasubiri mwanamke ahesabu. Kimya! Mwanamume akasema elfu kumi na mbili. Mzee Lemomo akageuka kumtafuta aliyemzidi, hakumwona, akainua fimbo tena. Kimya. Elfu kumi na tano. Fimbo. Watu wakaanza kushika mbavu kwa kicheko. Mimi kidole kiko tayari, namsubiri mwanamke wangu. Mpaka elfu arobaini hajasema neno, na Mzee Lemomo akasimama.

"Huyo anayenizidi ajitokeze nimwone," akasema. "Tangu lini mtu ananunua jogoo kwa kujificha?"

Mwanamume akamjibu elfu arobaini na tano.

Koikai akachomoa flashi, akatangaza kwamba jogoo ni wa Mzee Lemomo kwa bei yake ya kwanza. Makofi! Mzee akamrudisha jogoo anadiwe upya, kama tufanyavyo siku ya Mavuno, na Koikai akamuuza mara tatu bila kumeza hata funda la maji. Niliumia sana, sitaficha. Kisha akainua flashi yangu juu. Akainadi!

Nikainua mkono niikomboe. Mtu wa nyuma akazidi. Nikaongeza. Akazidi tena. Nikageuka nimwone adui yangu. Kandida!

Jumatatu, 14 Julai

Aliyeshinda flashi ni Kandida. Ameifungia kabatini, anasema amenunua amani ya nyumba. Mzee Lerionka amesema mnada unabaki kwa Koikai, ila kwa kuwa napenda sana kujitolea, nitakuwa mshika kuku wake. Nimekubali haraka mpaka akanitazama mara mbili. Hajagundua kwamba mshika kuku anasimama ubavuni mwa amplifaya.

Vaileth anarudia kwamba ningeweka mono tu. Hawaelewi! Kosa si la stereo. Kosa ni la kanisa kuwa na spika moja. Na Kandida hajui kwamba kompyuta ina nakala.

Jioni nimefungua programu tena. Kumbe chini ya stereo kuna chaguo jingine, chaneli sita. Nimechagua sita.