Mtungi wa Bibi Su

Siku Cen Bingkun alipomwona Bibi Su akisuuza nywele mtoni, supu yake ya tambi ilipoa mezani bila kuguswa, na huyo ni mtu ambaye hata kwenye mazishi ya baba mkwe wake aliomba aongezewe nyama. Alikuwa ameketi kibandani, juu ya ukingo wa mto pale Longsheng, karibu na soko. Chini yake bibi wa miaka sabini na mitatu alifungua kilemba, akainama, na nywele zikashuka majini nyeusi tii, ndefu kuliko yeye mwenyewe. Akazimwagia maji mazito meupe kutoka kwenye ndoo, akazikamua, akazisokota, akazifunga fundo kubwa juu ya paji la uso, kisha akabeba ndoo zake kwenda sokoni.

"Yule bibi anaoshea nini?" Bingkun akamuuliza mwenye kibanda.

"Maji ya mchele yaliyochacha. Anachemsha na maganda ya balungi, mashudu ya mbegu za chai, tangawizi, na majani anayoyajua mwenyewe. Wayao Wekundu, kabila la milimani huku, wote wanaoshea hayo. Kwani wewe si wa huku?"

Hakuwa wa huku. Alikuwa mtu wa Wuzhou, mwenye ulimi laini na kirikuu, kigari cheupe cha mizigo chenye kipaza sauti juu yake, na kila mji aliopitia ulikuwa na sababu ya kumkumbuka. Kule Liuzhou aliuza soli za viatu zinazoshusha presha. Kule Hechi aliwauzia watu watatu pango lile lile. Sasa alitazama mgongo wa yule bibi ukipotea sokoni, akatoa simu, akamkimbilia, akampiga picha kabla hajageuka.

Wiki haikuisha picha ya Bibi Su ilikuwa imebandikwa kwenye chupa. Ndani ya chupa mlikuwa na maji ya bomba, rangi kidogo ya chai, na harufu ya balungi iliyotengenezwa kiwandani. Kirikuu kikazunguka mji kikibwata: "Maji ya Bibi! Siri ya milimani! Kipara chako ni shamba lililokosa mvua!" Na mtu akisita, Bingkun alitikisa kichwa chake mwenyewe, nywele nyingi nzuri zikacheza kama za farasi, akasema kwa unyenyekevu, "Mimi nilikuwa kama yai, ndugu yangu. Niangalie sasa."

Mimi sipendi kumsema mtu vibaya, ila ukweli ni kwamba alikuwa bado kama yai. Nywele zile zilikuwa wigi. Zake zilimkimbia akiwa na miaka ishirini na sita, ndani ya msimu mmoja tu, na mkewe akacheka mbele ya wageni. Tangu hapo alijipaka tangawizi mbichi, akajipaka mafuta ya dubu, akalipa waganga wa kila aina, yeye aliyewaibia watu wa kila aina. Hakuwahi kupata hata unywele mmoja, na hakuna siku aliyoacha kuutamani.

Tuache huzuni yake kwanza, maana Bibi Su naye alikuwa na yake. Chupa zilipoisha na vichwa vikabaki vile vile, wateja hawakumtafuta mwenye gari, walimtafuta mwenye picha. Mke wa mchinja nguruwe alifika kwenye meza yake sokoni na chupa tupu mkononi.

"Bibi, sura ni yako, jina ni lako, na ngozi yangu ya kichwa inaonekana mpaka ng'ambo ya mto. Tueleze."

"Hayo si maji yangu, mwanangu."

"Na sura si yako pia?"

Mwalimu Tang wa shule ya msingi, mtu mpole, alimwaga ndoo ya bibi mtaroni mbele ya watu. Kuanzia siku hiyo hakuna aliyenunua kwake hata kikombe. Bibi Su alikuwa akiuza maji hayo tangu ujana wake, mama yake aliuza kabla yake, na mwaka huo alitegemea meza ile imsaidie kumuoza mjukuu wake Qiulan, aliyemlea tangu mchanga. Alirudi nyumbani na ndoo tupu, akalia kidogo jikoni, akanawa uso. Asubuhi iliyofuata akateremka mlima kwenda kumtafuta mwenye gari.

Bingkun alipomwona ameshika mlango wa kirikuu, mguu wake ulienda wenyewe kwenye mafuta.

"Usikimbie, mwanangu," bibi akasema. "Magoti yangu hayawezi kukufukuza."

"Bibi yangu! Nilikuwa nakutafuta mimi! Nina mgao wako hapa!"

"Mgao wa maji ya bomba? Kaa nao." Alimtazama kichwani, taratibu, kama mtu anayechagua kabichi. "Hiyo wigi umeibandika upande. Siku upepo ukitoka kaskazini utaumbuka."

Kwa miaka kumi na mmoja hakuna aliyewahi kugundua. Bingkun alishika kichwa kwa mikono miwili.

"Nani kakuambia?"

"Nimeshika nywele tangu sijaota meno ya pili. Niambie, zilikutoka lini?"

Hakuna mtu aliyewahi kumuuliza swali hilo bila kucheka. Na Bingkun, ambaye kwa siku hutoa uongo mwingi kuliko salamu, alijikuta anasema kweli: mwaka, msimu, mto wa kitandani uliojaa nywele asubuhi, kicheko cha mkewe.

"Hayo maji yako, bibi," akauliza akitazama pembeni, "ya kweli, yanaotesha?"

"Mimi sikuambii kitu. Njoo nyumbani uangalie kwa macho yako."

Alikwenda siku ile ile. Nyumba ya bibi ni ya mbao, juu ya matuta ya mpunga. Qiulan, binti wa miaka ishirini, alikuwa akipepeta mchele barazani, kilemba kimemfunika mpaka kwenye nyusi. Bibi akamwambia afungue. Nywele zikaanguka mabegani, zikaishia hapo.

"Zamani," bibi akasema, "mgeni wa kiume akiona nywele za mwali alibaki hapa miaka mitatu akilima kwa baba mkwe. Una bahati, siku hizi tunawapa chai tu. Sasa sikiliza. Nitamwosha kila siku kwa maji ya mtungi ule pale. Rudi baada ya siku arobaini uangalie."

Bingkun hakuwa mjinga, na asingependa tumfikirie hivyo. Aliomba kitambulisho cha binti akapiga picha namba. Akauliza kama ana pacha. Akahesabu madoa ya uso wake: moja kidevuni, moja chini ya sikio. Aliuchungulia mtungi, akaunusa, akapiga chafya. Michezo yote aliyowahi kuwachezea wengine aliikagua mmoja mmoja, akaridhika kwamba hapa hakuna mchezo.

Hapa inabidi nikupe jambo ambalo kwetu analijua hata mtoto anayetambaa, na ambalo mtu wa Wuzhou hakuwa na sababu ya kulijua. Msichana wa Kiyao Mwekundu hukatwa nywele mara moja tu maishani, akitimiza miaka kumi na minane. Zikikatwa hazitupwi. Bibi yake huzifunga shungi, huziosha na kuzitunza, na siku ya harusi hukabidhiwa bwana harusi. Baada ya hapo mke huzisokota pamoja na zile za kichwani. Nywele za miaka kumi na minane, ndugu yangu, si kidogo. Shungi la Qiulan lilikuwa kwenye sanduku la bibi, hatua sita kutoka pale Bingkun alipokuwa akihesabu madoa.

Siku ya arobaini alifika kabla ya chai ya asubuhi. Qiulan alisimama barazani amempa mgongo, kilemba kichwani, na chini ya kilemba nywele zilishuka zikapita kiuno, zikapita magoti. Zilikuwa nyeusi na laini, na zilinukia balungi. Bingkun alizunguka mbele akatazama: doa la kidevuni lipo, la sikioni lipo.

"Bibi, naweza kuzigusa?"

"Gusa, kisha jembe liko nyuma ya nyumba. Miaka mitatu."

Akarudisha mkono haraka. Alikaa chini kwenye ngazi, na nataka uamini kwamba machozi yalimtoka, ya kweli, kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi ya kuyatengeneza. Kisha, kwa kuwa mtu ni yule yule, akafuta uso na kuanza kupiga hesabu ya vipara vyote vya Uchina.

"Niuzie mtungi," akasema. "Wote. Wewe utaanzisha mwingine."

"Mtungi huo haujakauka tangu enzi za bibi yake bibi yangu. Kila ukipungua tunaongeza. Kuanzisha mwingine ni kazi ya miaka."

"Taja unachotaka."

"Sitaki kitu." Bibi akatazama barabara, kule kirikuu kilipokuwa kimeegeshwa. "Ila magoti yangu, mwanangu. Kushuka na ndoo, kupanda na ndoo."

Bingkun aliandika mkataba yeye mwenyewe, juu ya goti, kabla bibi hajabadili nia. Kirikuu pamoja na kipaza sauti chake kwa mtungi mmoja na vyote vilivyomo. Na kwa kuwa anawajua wazee wanavyojuta, akaongeza kwa herufi kubwa kwamba hakuna kurudishiana wala kudaiana, kwa sababu yoyote ile, milele. Bibi akaweka dole gumba. Bingkun akajifunga mtungi mgongoni, akateremka mlima saa mbili nzima kwa miguu, akiimba.

Alipanga chumba mjini Guilin, akafunga mlango, akavua wigi. Asubuhi aliosha, mchana aliosha, jioni aliosha. Siku ya ishirini alihisi muwasho akafurahi, ulikuwa mbu. Siku ya arobaini kichwa chake kilikuwa safi kuliko vichwa vyote vya jimbo la Guangxi, laini, cha afya njema, kinachonukia bustani ya mabalungi, na hakikuwa na unywele hata mmoja. Akajipa siku nyingine ishirini, kwa sababu ya umri. Ya sitini ilipopita alibandika wigi yake na kupanda basi kurudi Longsheng, amekunja ngumi.

Alifika kijijini akakuta ngoma, fataki na nguruwe mzima motoni. Ilikuwa harusi ya Qiulan. Kirikuu chake kilikuwa mbele ya nyumba, kimefungwa vitambaa vyekundu, kimejaa mitungi, kumbe ule haukuwa wa pekee. Kabla hajafungua mdomo aliona Bibi Su akitoka na sinia, na juu ya sinia shungi la nywele ndefu, nyeusi, laini. Bwana harusi, kijana wa ukoo wa Hou, akalipokea kwa mikono miwili huku watu wakishangilia.

"Nini kile?" Bingkun akamuuliza mzee aliyekuwa karibu yake.

"Nywele zake bibi harusi. Alikatwa mwaka juzi. Kwani huko kwenu mnazitupa?"

Bingkun alipompata Bibi Su pembeni ya jiko, alizungumza akiwa ameuma meno.

"Umeniibia."

"Nimekuibia nini? Nilikuambia zitaota? Nilikuambia uangalie. Ukaangalia." Akamwekea mkononi bakuli la chai ya mafuta yenye bisi za mchele. "Kunywa, umekonda."

"Nataka gari langu. La sivyo nasema mbele ya watu wote hawa!"

"Sema. Kipaza sauti kile pale. Waambie umeosha siku ngapi, kisha waonyeshe kichwa." Bibi akainua kidevu kuelekea meza ndefu. "Yule ni Mwalimu Tang. Yule mke wa mchinja nguruwe. Wateja wako wote nimewaalika. Nimewaambia yule kijana alijuta kuwauzia maji ya bomba, akatoa gari lake liwe fidia, nipeleke maji ya kweli kila mlango, bure mpaka mwisho wa mwaka. Wamekusamehe, mwanangu. Wamesema mwenye nywele nzuri vile hakosi moyo. Sasa nenda kawaambie hukutoa."

Mchinja nguruwe, mwenye mikono kama mapaja, alikuwa amekwisha kumwona.

"Huyo hapo!" akapaza sauti. "Mtoa gari! Mleteni aseme neno!"

Wakamsukuma mpaka mbele, wakamtia kikombe cha pombe ya mchele mkononi. Upepo ulikuwa unatoka kaskazini. Bingkun alishika kichwa kwa mkono mmoja, kama mtu aliyezidiwa na hisia, akatazama zile nyuso zote zinazomngoja, na ulimi wake, ambao haujawahi kumtupa, ukaamka. Alizungumzia heshima ya wazee. Akazungumzia usafi wa maji na usafi wa nia. Alisema kuna siku mtu hutazama maisha yake akaona kwamba kitu pekee alichonacho cha kutoa ni gari. Mke wa mchinja nguruwe alilia waziwazi, Mwalimu Tang akapiga makofi mpaka miwani ikaanguka, na Bibi Su akajifuta jicho kwa ncha ya kilemba, ingawa mimi nilikuwa karibu na nilimwona anacheka.

Alasiri basi la mwisho lilikuwa limekwisha kuondoka. Bwana harusi alikuwa anashuka mjini kupeleka mitungi, kirikuu kimewashwa, na Bingkun akapanda nyuma, akajibana katikati ya mitungi miwili, akafumba macho.

Kijana akazima injini. Akashuka, akazunguka mpaka nyuma, akanyoosha kiganja kwa adabu zote.

"Nauli kwanza, mjomba," akasema.