Kilomita Mia Tatu na Baiskeli

TANGAZO KWA UMMA. Kwa heshima na taadhima, wananchi wote wapenda maendeleo wanajulishwa kwamba mwanamichezo shupavu, mtoto wa mji huu, atasafiri kilomita mia tatu na baiskeli ili kuchangia mashine ya oksijeni ya wodi ya watoto. Atapita juani, vumbini na mvuani. Hatarudi nyuma. Njooni mumuage kwa vigelegele.

Tangazo hilo lilibandikwa kwenye mlango wa bucha, juu ya tangazo la sumu ya panya. Mwanamichezo shupavu mwenyewe alikuwa Kinanda, ambaye mara ya mwisho alipopanda baiskeli majirani walimtoa mtaroni kwa kamba. Aliitwa Kinanda kwa sababu ukimgusa popote anatoa wimbo unaoutaka wewe. Ukimgusa mfukoni tu ndiyo anakuwa kimya.

Msimulizi wa habari hizi hakuwepo, hakuhusika, na anasema tu yale aliyoyasikia kwa watu wa kuaminika. Naomba hilo likumbukwe.

Yote yalianzia hospitalini. Dada yake Kinanda ni muuguzi wa wodi ya watoto, na Kinanda alikuwa na desturi ya kumtembelea kazini kila saa ya chakula, kumsaidia kula. Siku hiyo televisheni ya ukutani ilikuwa inaonyesha mtu aliyelowa jasho juu ya baiskeli, barabara nzima ikimpigia makofi.

"Dada, huyo anakimbia polisi?"

"Anachangia hospitali. Anaendesha baiskeli safari ndefu, watu wanatoa michango kwa sababu anajichosha."

Kijiko cha Kinanda kilisimama hewani. "Watu wanatoa fedha ili mtu achoke? Mimi nimechoka tangu kuzaliwa, tena bure kabisa!"

Dada yake hakucheka. Wodi yake ilikuwa na mashine moja ya oksijeni, na vitanda viwili vilivyokuwa vinapokezana mpira wake wa hewa tangu asubuhi. Alikuwa anakula huku amegeuza shingo kuvitazama. "Ungefanya jambo kama hilo kweli, mdogo wangu," alisema, "ningekusamehe hata lile friji langu."

Friji aliliuza Kinanda. Hayo tuyaache.

Jioni ile ile alikwenda kwa Bwana Mabati, mwenye duka kubwa la vifaa vya ujenzi, mtu anayependa jina lake liandikwe popote penye ukuta. Kinanda alimkuta amekaa nyuma ya meza, akamsalimia kwa kuinama mpaka miwani ikamdondoka.

"Tajiri, nimekuja kukupa sifa, sikuja kuomba."

"Sifa gani?"

"Fikiria uwanja umejaa. Nafika mimi, hoi, nusu mfu. Nani ananipokea? Wewe. Picha inapigwa. Nyuma yako kuna bango la mabati. Mtu mwenye paa linalovuja ataacha kuja kwako aende wapi?"

Bwana Mabati aliona bango. Aliona na ukubwa wake. Lakini ni mtu ambaye hata hesabu ya misumari huirudia, kwa hiyo akasema atafikiria maneno ya ahadi yake kwanza. Siku ya kuaga aliyasoma kwenye kipaza sauti, taratibu, kama mtu anayekanyaga matope:

"Kinanda akifika na baiskeli, mimi nitakuwa uwanjani na mashine ya oksijeni ya wodi ya watoto, na pikipiki mpya ya mwendesha baiskeli!"

Uwanja ulilipuka. Muuguzi alilia waziwazi. Kinanda naye alitoa chozi moja, kwa ajili ya pikipiki.

Timu ya msaada ya familia ilikuwa na watu wawili. Muuguzi alichukua likizo yake yote ya mwaka, akabeba dawa ya kuchua na beseni la kulowekea miguu. Bibi, mama yao, alibeba chupa ya supu na mwavuli. Walitangulia kwa basi kwenda mji wa katikati ya safari, pale pa kugeuzia, wakakodi chumba, wakatandika kitanda, wakangoja.

Kinanda aliendesha baiskeli kwa uhodari mkubwa mpaka kwenye kona ya kituo cha mafuta. Pale lilikuwa linamngoja lori la saruji la rafiki yake. Baiskeli ilipanda, naye akapanda, turubai likawafunika, na mwanamichezo shupavu akavuka jua, vumbi na mvua akikoroma juu ya mifuko.

Alishuka karibu na mji wa katikati, akajimwagia maji ya chupa usoni, akaikokota baiskeli mpaka mlangoni akichechemea. Alichechemea mguu wa kulia, kisha akasahau, akachechemea wa kushoto.

Dada yake alimvua viatu, akamtia miguu kwenye beseni, akaanza kumchua. Bibi alikuwa pembeni na bakuli la supu.

"Pole, mwanangu. Milima ilikuwaje?"

"Mama, usiniulize. Mmoja niliuona nikadhani ni ukuta."

Muuguzi aliacha kuchua. Vigimbi vya mdogo wake vilikuwa laini kama unga uliokandwa. Akamshika kifundo cha mkono, akatazama saa yake.

"Haya ni mapigo ya mtu aliyeamka sasa hivi," alisema.

"Mazoezi hayo, dada. Moyo wa mwanamichezo hauna papara."

"Na huu unga wa saruji sikioni?"

"Barabara inatengenezwa."

Walitazamana. Muuguzi alikumbuka vitanda viwili na mpira mmoja, akaendelea kuchua, lakini sasa alichua kwa nguvu zake zote, na mayowe aliyotoa Kinanda usiku ule ndiyo maumivu pekee ya kweli aliyoyapata safari nzima.

Kurudi kulikuwa vile vile, chini ya turubai; tufike uwanjani. Bwana Mabati alisimama jukwaani na bango lake. Kulia kwake ilikuwapo mashine, bado inanukia upya. Kushoto, pikipiki nyekundu. Kinanda akaingia juu ya baiskeli, akiyumba, ulimi nje. Bendi ikapiga. Bibi na muuguzi, waliorudi kwa basi, walikuwa mstari wa mbele.

Bwana Mabati hakupiga makofi. Aliizunguka baiskeli, akainama, akaisogelea kama anayenusa.

"Kinanda. Hiki kiti kina nailoni ya dukani."

Kweli. Kiti kilikuwa na nailoni yake, pedali zilikuwa na nailoni zake, na kwenye usukani kilining'inia kikaratasi cha bei. Uwanja ukaanza kuguna.

Mtu mwingine angekimbia. Kinanda alichukua kipaza sauti.

"Ndugu zangu, mnaguna nini? Someni tangazo. Limesema nitasafiri kilomita mia tatu *na* baiskeli. Halikusema *kwa* baiskeli! Ukisema umesafiri na mke wako, umempanda mgongoni? Nimesafiri na baiskeli. Nilikuwa nayo. Tulilala pamoja."

Watu walicheka mpaka wakasahau kukasirika. Bwana Mabati alicheka kuliko wote, na hapo ndipo Kinanda alipoanza kupata baridi.

"Umesema vizuri sana," alisema tajiri. "Na mimi nilisema nitakuwa uwanjani *na* mashine na pikipiki. Sikusema nitatoa. Nipo nazo, mmeniona nazo, mmenipiga picha nazo. Vijana, pakieni twende!"

Wapakizi walishaishika mashine pande zote mbili.

Muuguzi akapanda jukwaani. Hakuomba kipaza sauti. Sauti inayowafikia watoto wa wodi nzima haina haja nacho.

"Wekeni chini! Bwana Mabati, ulisema mashine *ya* nani?"

"Ya oksijeni."

"Malizia."

Tajiri alitoa karatasi yake ya ahadi, akasoma, na sauti ikazidi kupungua. "Ya oksijeni... ya wodi ya watoto."

"Wewe ni wodi?"

"Hapana."

"Wewe ni mtoto?"

"Dada, mimi nina wajukuu."

"Basi hii si yako. Ni *ya* wodi, umetamka mwenyewe mbele ya watu wote hawa. Ukiondoka nayo, utakuwa umeiba mali ya hospitali, na polisi yule pale anapiga makofi."

Uwanja ulitetemeka. Mashine ilipanda gari la wagonjwa huku bendi ikipiga. Kabla ya jua kuzama, vitanda viwili vilikuwa na mipira miwili, na muuguzi akarudi uwanjani kumchukua mama yake akiwa anatembea kama mtu aliyetua gunia.

Alimkuta Kinanda na Bwana Mabati wameshikana kola.

"Hiyo *na* umejifunza wapi, mjinga wewe?" alifoka Kinanda. "Ni yangu!"

"Nimeandikiwa na mtu aliyesoma! Msichana mmoja wa shule ya bweni, mpole, ana adabu zake!"

"Msichana gani? Hata mimi nimeandikiwa na msichana wa bweni, mpole, ana..."

Waliachiana kola. Wakageuka, polepole, wakatazama nyuma ya spika kubwa ya bendi, ambako alikuwa ameketi msichana mpole sana akila karanga.

Sawa. Nilikuwepo. Nilihusika kidogo.

Kinanda ni mjomba wangu, na muuguzi ni mama yangu. *Na* ya Mjomba niliiandika mimi. *Na* ya Bwana Mabati niliiandika mimi. Lakini na ile *ya wodi* niliichomeka mimi, na Bwana Mabati aliisoma mara kumi bila kuiona, na nadhani hilo lingepaswa kunisaidia.

Mama hakuliuliza hilo.

"Wewe si uko shule?"

"Nilipewa ruhusa, Mama."

"Ruhusa ya nini?"

"Ya msiba."

"Msiba wa nani?"

Nilitazama karanga zangu. Bibi aliukunja mwavuli, akauegemea.

"Nimekufa lini?" aliuliza.

"Jumanne, Bibi."

"Kwa ugonjwa gani?"

"Presha."

"Presha! Mimi! Na shule walisemaje?"

"Walisikitika sana. Darasa langu walichanga rambirambi. Biskuti."

"Ziko wapi?"

Nilikung'uta makombo.

Bibi alitazama pikipiki nyekundu. Ahadi ilisema ni ya mwendesha baiskeli, na mwendesha baiskeli hakuwepo duniani. "Basi hiyo ndiyo rambirambi yangu," alisema. "Bwana Mabati, funguo. Au unamdhulumu marehemu?"

Funguo zilitoka.

"Na huyu mjukuu," Bibi aliendelea, "kesho anarudi shule kueleza kwamba nimefufuka. Anarudi kwa baiskeli. Kinanda atatembea nyuma na beseni."

"Bibi, shule ni mbali! Labda niende *na* baiskeli, tukipata lori..."

"*Kwa*," alisema Bibi, akaing'oa nailoni kwenye kiti kwa mkono wake mwenyewe.