Yah: Kunyang'anywa Mnada kwa Sababu ya Mshipa

Ndugu Daktari Evaresta,

Bwana asifiwe. Ni mimi Sifaeli wa huku juu ya Tengeru, uliyenionyesha kwenye picha mshipa wa kichwani uliovimba kama punje ya mtama. Ulisema haujapasuka, ni mdogo, hatari yake ndogo, na kwamba tutaufuatilia: niangalie presha, niache sigara, nirudi kwa picha mwakani, mengine niishi kama kawaida. Kwa furaha nikapeleka sadaka ya shukrani kanisani. Mchungaji akaisoma kwenye matangazo pamoja na habari ya mshipa, na tangu hapo usharika mzima unanifuatilia. Nalalamika hivi:

1. Mke wangu Eunike ameacha kugombana nami. Tangu tuoane tunabishana kila asubuhi juu ya majani ya ng'ombe, na siku inaenda vizuri. Sasa kila kitu ni "sawa, Baba Angel." Juzi nikamjaribu, nikasema ng'ombe apewe maharage yetu ya mbegu. Akasema sawa. Ng'ombe ameyala.

2. Jirani yangu Elifuraha haulizi tena nimeamkaje. Anachungulia kichwa changu juu ya ua, anauliza, "Bado?"

3. Hili ndilo linaloniuma. Miaka yote mimi ndiye ninayenadi mazao ya sadaka nje ya kanisa baada ya ibada. Nikinadi kuku, hadi mjini Usa River wanasikia bei. Sasa kazi amepewa Aminiel, ambaye hunadi jogoo kama anatangaza msiba. Wanasema nikipaza sauti nitapasuka mbele ya watoto.

4. Hata kununua siwezi, maana hakuna anayethubutu kunipandia bei. Jumapili nilifukuza nzi kwa mkono, nikarudi nyumbani na bata dume.

5. Mlima Meru wenyewe una moto tumboni, wataalamu wanaufuatilia, na sisi tunalima kahawa mgongoni mwake na kupiga matarumbeta bila kuuomba radhi. Kama mlima unaachiwa, kosa langu nini? Au basi uagize nao unong'onezwe.

Kwa hiyo naomba uje Jumapili, usimame wakati wa matangazo, useme Sifaeli aruhusiwe kupiga kelele. Ikishindikana, ukate huo mshipa tujue moja.

Nisalimie manesi wote, dada wa mashine ya picha aliyenikataza kupiga chafya, na mlinzi wa getini. Mungu aibariki mikono yako.

Ni mimi katika Kristo, mwenye afya tele,
Sifaeli, Baba Angel

N.B. Kabla ya kufunga bahasha nimeshuka kwenye migomba kujaribu sauti, nisije nikakuaibisha Jumapili. Bata kwapani, mdomo nimefungua, mkono ukaenda wenyewe kichwani. Bata nimemnadi kwa kunong'ona, Daktari, na hapakuwa na mtu wa kunizuia. Eunike ameniona toka jikoni. Hakusema sawa. Amekuja tu akanipokea bata.

Basi usije kwanza. Aminiel aendelee kidogo. Ila nijibu mimi peke yangu: kweli ni mdogo?