Naomba Nirudishiwe Aibu Yangu

Orville Tjaden,
Mrushaji mpira mstaafu,
Wapsie Bend, Iowa.

Kwa Kamishna,
Ligi ya Besiboli ya Mito Mikuu.

Mheshimiwa Kamishna,

YAH: KUFUTWA KWA PIGO LILILONISHINDA

Natumaini hujambo, wewe na wote ofisini. Sisi huku ni wazima, mahindi yamefika kifuani, na isingekuwa barua yako ya juzi nisingekuwa na neno.

Unanieleza kwamba mpigaji Dell Hruska amekiri kuwa magongo yake ya kupigia mpira yalitobolewa ndani na kujazwa vizibo vya chupa vilivyosagwa, ili yawe mepesi mkononi. Kwa hiyo Ligi imefuta mapigo yake yote, likiwemo lile la fainali, aliponipiga mimi mbele ya umati, yaani aliugonga mpira niliomrushia akatushinda, na mpira ukavuka uzio, ukavuka maegesho, ukatoboa paa la kanisa la Kilutheri. "Hongera," umeniandikia, "sasa umesafishwa."

Mheshimiwa, nani alikuomba unisafishe? Kwa heshima zote, nalalamika kama ifuatavyo:

1. Umeniondolea jina. Mjini hapa hakuna anayekumbuka mechi nilizoshinda. Wananijua kwa ile moja. Kila asubuhi mkahawani mtu hupaza sauti: "Orville, nipe chumvi, lakini usinirushie katikati kama ulivyomrushia Dell!" Wote hucheka, na mimi hucheka, na kahawa hunywewa. Tangu habari itoke gazetini wananipigapiga bega na kuniita Bwana Tjaden. Mtu akianza kuitwa Bwana hapa kwetu, ama amefilisika ama amekufa.

2. Ndoa yangu iko mashakani. Siku ile Verlene alikuwa akiuza soseji uwanjani. Alinikuta nyuma ya basi la timu nalia, akaniambia, "Kaka, kula kwanza, utalia ukishashiba." Tumezaa mabinti watatu. Sasa kama pigo halikuwapo, mimi sikulia, na kama sikulia, ile soseji nilipewa kwa sababu gani? Nimemuuliza Verlene kama bado ni mke wangu kihalali. Amesema nikatupe takataka kwanza, halafu tutazungumza.

3. Paa la Walutheri. Lilizibwa kwa sababu ya mpira ambao kwa mujibu wako haukupigwa. Je, walitoboe tena? Mchungaji Sather anangoja maelekezo yako, naye anakuomba uharakishe kabla ya mvua.

4. Shingo yangu. Picha ya siku ile inamwonyesha Dell ameinua mikono, na mimi nimegeuka kuufuata mpira kwa macho, kwa hiyo sura yangu haionekani, ni kisogo tu. Kila Agosti, kwenye maonyesho ya wilaya, tumekuwa tukikaa meza moja, tukitia sahihi nakala za picha hiyo, yeye kifuani pake na mimi kisogoni pangu. Watoto hupanga foleni. Mwaka huu waandaaji wamewapa wafuga mbuzi hema letu. Nilipendekeza wamkate Dell pichani wanibakize mimi. Tukajaribu. Ikabaki picha ya mtu asiyejulikana anayetazama mawingu.

5. Dell mwenyewe. Hili ndilo lililonishikisha kalamu.

Alikosea, sitamtetea. Nilimwambia usoni: "Umetudanganya, mjinga wewe. Watoto wa nchi nzima walisimama mbele ya vioo wakiiga mikono yako." Akajibu, "Najua, Orv," akaangalia chini. Mtu huyo ndiye aliyenunua taa za uwanja wa watoto wetu. Nilipopasuliwa moyo, ndiye aliyekaa hospitali na Verlene mpaka nilipofumbua macho, kisha akaniambia nina sura mbaya.

Tangu uamuzi wako hatoki nje. Mkewe alishafariki, yuko peke yake kule nyuma ya maghala ya nafaka. Kila jioni nampelekea chakula, naye ananijibu mlango ukiwa umefungwa: "Rudi nyumbani, Orv. Mimi na wewe hatujuani tena. Wamesema sikukupiga." Namkasirikia mno, Mheshimiwa, na nimemkumbuka mno. Sijui mnayaandikaje hayo kwenye kumbukumbu zenu.

Kwa hiyo naomba pigo lile lirudishwe, na pembeni mwandike kwa herufi zinazosomeka: ALIDANGANYA. PIA ALIMPIGA ORVILLE. Yote mawili yakae hapo. Nipo tayari kuapa kwamba mpira niliomrushia ulikuwa bora kuliko wote niliowahi kurusha, wa chini, wa pembeni, wenye kasi, mgumu kupigwa. Kunyang'anywa kushindwa kwa namna hiyo ni dhuluma.

Nisalimie wote ofisini, hasa dada wa mapokezi, ambaye nimempigia simu mara nyingi na hajanitukana hata mara moja. Verlene anakusalimu. Walutheri wanakusalimu.

Ni mimi, niliyeshindwa kihalali,

Orville Tjaden

N.B. Mheshimiwa, kabla ya kuifunga bahasha nilikwenda kumsomea Dell barua hii mlangoni pake. Nilisoma hadi nilipofika kwenye "bora kuliko wote". Hapo mlango ukafunguka, akatoka na soksi tu miguuni, hajanyoa, akifoka: "Bora? Orv, una wazimu! Mpira ule ulikuja polepole kama unaniomba radhi! Ningeupiga kwa ufagio!" Tumebishana njia nzima mpaka kwangu, na sasa yuko jikoni anamwonyesha Verlene kwa mwiko jinsi ulivyokuja, huku anamaliza viazi vyangu. Kwa hiyo tafadhali puuza yote niliyoandika hapo juu. Pigo libaki limefutwa. Fainali ile nilishinda mimi, na ninakwenda kumwambia hivyo sasa hivi.